Mikono Midogo Wakati wa Karafuu

Wanachama wenzetu hawahitaji kuambiwa kazi ya karafuu ilivyo. Alfajiri mtu hutoka na pakacha lake, hushinda mikarafuuni, na magharibi hurudi na mzigo, miguu ikimtetemeka. Lakini kazi bado. Karafuu mbichi hazingoji: zikilala zimerundikana hupata moto, zikavunda, na zikianikwa hutoka nyeupenyeupe, zimesinyaa, hazina bei. Sharti zichambuliwe usiku ule ule, karafuu mbali na makonyo mbali, ili asubuhi zitiwe juani. Na nyumbani vyombo havijaoshwa, ukumbi haujafagiwa, na mtoto mchanga analia.

Hapa ndipo twapenda kusema neno juu ya watoto wadogo. Aghalabu huwafukuza mama zao kwa kuona wanawachelewesha. Ni kweli, mtoto wa miaka minne akipewa ufagio huzidi kueneza taka. Lakini anayefukuzwa akiwa na miaka minne, je, ataitika akiitwa akiwa na miaka kumi? Wazee walisema, udongo uupate ungali maji.

Twashauri kazi igawanywe kwa umri. Wa miaka minne au mitano aokote makonyo yaliyomwagika na kuyatia kikapuni, na amletee mama kata ya maji. Wa sita au saba afagie ukumbi, akunje nguo, amchezeshe mdogo wake. Wa minane au tisa aoshe vyombo, akae na wakubwa jamvini achambue kidogo, na siku isiyo ya skuli afukuze kuku kwenye majamvi na aite watu akiona wingu. Karafuu hutaka jua la siku nne au tano hivi, na mvua ya ghafla yaweza kuharibu jasho la juma zima. Tena kazi hizi ni za wavulana na wasichana sawasawa. Sahani haimjui aliyeiosha.

Mipaka nayo iwepo. Mtoto asipande mkarafuu kamwe, maana matawi yake hukatika bila ya kutoa taarifa. Asiteke maji kisimani peke yake, wala asiachiwe chungu motoni. Asikoseshwe skuli wala chuoni, na usiku ukiingia alale. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 hairuhusu mtoto atumikishwe kazi ya kumdhuru. Msaada wa nyumbani ni malezi. Kumfanya kibarua ni jambo jingine.

Huenda msomaji akasema: kazi ya mtoto yaokoa nusu saa tu, yafaa nini? Yafaa sana. Mkarafuu mkubwa hupita mita 10 kwenda juu, na anayeupanda asubuhi hali hakulala ndiye mkono wake unaokosa tawi. Ni nani katika visiwa hivi asiyemjua mtu aliyeanguka mkarafuuni? Nusu saa ya usingizi aliyopata baba au mama kwa sababu sahani zimekwisha oshwa si kitu kidogo.

Basi jioni ya leo, mama na baba, msimfukuze. Mpeni kazi moja inayomwelea, mwonyesheni mara ya kwanza na ya pili, na akimaliza, hata kama kaimaliza ovyo, mwambieni: "Ahsante mwanangu, umenipumzisha." Kesho atakuja mwenyewe kabla ya kuitwa.