Visu vya zamani vya mfukoni vya Marekani: namna ya kutambua vya kweli na vya uongo

Muuzaji wa soko la Goma ao Bukavu akipewa noti ya dola mia moja, haiweki mfukoni hivi hivi. Anaigeuza, anasoma mwaka wenye umeandikwa, anapitisha kidole ku pembe kuangalia kama haikupasuka. Akiona mupasuko hata kidogo, anairudisha.

Kule Marekani kwenyewe, kwenye hiyo dola inatoka, kuko watu wenye wanafanya vile vile na kitu kingine: kisu kidogo cha kukunja, chenye babu alikuwa anatembea nacho mfukoni. Wanakifungua polepole, wanasoma herufi ndogo ku chuma, wanahesabu nukta. Hesabu ya zile nukta inaonyesha mwaka, na mwaka ni kati ya mambo ya kwanza yenye wanaangalia mbele ya kukubali bei.

Habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Familia nyingi za Wakongomani wenye wanasema Kiswahili wanaishi sasa katika majimbo kama Kentucky, Ohio na Texas. Kule, mwisho wa juma, watu wanapanga vitu vya zamani mbele ya nyumba na kuviuza: viti, masufuria, nguo, na mara nyingi sanduku ya visu. Mtu mwenye hajui anaweza kuuza kitu cha maana kwa bei ya kijiko, ao kulipa pesa nyingi kwa kitu cha uongo.

Kisu cha mkulima, si cha vita

Kwanza, tunazungumzia kisu gani? Si panga, na si kisu cha kupigana. Ni kisu cha kazi, chenye kimoja, mbili ao tatu za makali, zote zinakunjika ndani ya mpini. Mkulima wa Marekani alikata nacho kamba, alimenya tunda, alifungua gunia. Alikuwa nacho kila siku kama vile mtu wa leo anavyokuwa na telefone.

Jina la kila aina linaonyesha kazi yake. Ile yenye inaitwa stockman ni ya mfugaji. Iko na makali tatu: moja ya ncha kali kwa kazi zote, moja iliyonyooka yenye haina ncha, juu isichome mnyama wakati wa kukata, na moja fupi ya mviringo ya kuhasi wanyama. Wafugaji wa Masisi ao wa Ituri hawahitaji maelezo marefu juu ya hii ya mwisho. Ile ya trapper ni ya mwindaji wa ngozi: makali mbili ndefu, zote zinafunguka upande mmoja.

Karne ya 19, visu vingi vyenye viliuzwa Marekani vilitoka Sheffield huko Uingereza, na Solingen huko Ujerumani. Kisha serikali ya Marekani ikapandisha ushuru wa forodha kwa sheria ya mwaka wa 1890, na viwanda vya ndani vikapata nguvu. Sheria hiyo iliamuru tena kwamba bidhaa ya kutoka inje iandikwe jina la inchi yake. Ndiyo maana kisu chenye kiko na neno "Germany" ao "England", kwa kawaida kilitengenezwa nyuma ya sheria hiyo.

Kitambulisho kiko ku shingo

Fungua kisu. Mahali makali yanaingia ndani ya mpini, kuko kipande cha chuma chenye hakinolewi. Tukiite shingo ya kisu. Kiwanda kilipiga pale chapa yake, na viwanda vilibadilisha chapa mara kwa mara. Kwa hiyo chapa haisemi tu ni nani alitengeneza. Inasema pia wakati gani.

Mfano wenye wakusanyaji wanaupenda sana ni wa Case, kiwanda cha mji wa Bradford, jimbo la Pennsylvania. Kisu chenye kimeandikwa "CASE TESTED XX" ni cha miaka ya 1920 mpaka karibu 1940. "CASE XX" peke yake ni cha karibu 1940 mpaka 1964. Kuanzia 1965 mpaka 1969, wakaongeza "U.S.A." chini yake.

Mwaka wa 1970 wakaanza hesabu ya nukta. Walipiga nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka wakaondoa moja: 1971 nukta tisa, 1972 nane, mpaka 1979 yenye ilibaki na moja. Mwaka wa 1980 wakarudia kumi, lakini wakabadilisha herufi: S ya jina Case ikawa na pembe kali kama radi. Hesabu ikashuka tena mpaka 1989. Mwaka wa 1990 wakaandika mwaka wenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Toa nukta kutoka kumi, kisha ongeza jibu ku 1970. Kisu kikiwa na nukta saba na S ya kawaida, kumi kutoa saba ni tatu: ni cha 1973. Kikiwa na nukta saba na S ya radi, ni cha 1983.

Nimero nayo inasema

Ku visu vingi vya Case kuko tena nimero. Nimero ya kwanza inasema mpini ni wa nini: 6 ni mfupa, 5 ni pembe ya kulungu, 3 ni mpini wa manjano wa kutengenezwa. Nimero ya pili inahesabu makali. Zenye zinabaki ni aina ya umbo.

Chukua 6254. Sita: mfupa. Mbili: makali mbili. Hamsini na nne: umbo la trapper. Kisu kikiwa na nimero hiyo lakini kiko na makali moja, ao mpini wake ni wa pembe, basi kuna mkono wa mtu mwingine umeingia. Labda makali moja yalivunjika na kuondolewa. Labda mpini ulibadilishwa ili bei ipande.

Remington nao walikuwa na utaratibu wao. Hiki ni kiwanda cha bunduki. Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, kilibaki na mashini nyingi bila kazi, wakaanza kutengeneza visu huko Bridgeport, jimbo la Connecticut, kuanzia 1920 mpaka 1940. Nimero zao zinaanza na herufi R, na nimero ya mwisho ndiyo inasema mpini: 3 kwa mfano ni mfupa. Vyenye vinatafutwa zaidi viko na kibati kidogo ku mpini chenye umbo la risasi. Lakini kuanzia 1982, visu vipya vya umbo hilo vilianza kutengenezwa tena kwa jina lile lile. Si vya uongo. Vimeuzwa waziwazi kama kumbukumbu. Shida ni muuzaji mwenye anakiita cha babu yake.

Mfupa, plastiki na hatari ya moto

Mpini unadanganya watu wengi. Mfupa wenye ulitumiwa ni wa ng'ombe, ukachongwa mistari na mashimo madogo juu usiteleze mkononi, ukatiwa rangi. Baadaye viwanda vikaleta plastiki yenye inafanana nao sana. Chukua kioo cha kukuzia. Mfupa uko na vitundu na mistari midogo myeusi, mahali damu ilipita wakati mnyama alikuwa hai. Plastiki haina. Tena plastiki mara nyingi inafanana kila mahali, lakini vipande viwili vya mfupa haviwezi kufanana kabisa.

Wengine wanafundisha kuchoma mpini na sindano ya moto ili kunusa harufu. Usifanye hivyo. Kwanza unaharibu kisu. Pili, mipini mingi ya mbele ya vita ya pili ilitengenezwa kwa seluloidi, plastiki ya zamani sana yenye inashika moto haraka. Sindano moja inaweza kuleta ajali ndani ya nyumba.

Seluloidi iko na ubaya mwingine. Ikizeeka, inaweza kuoza yenyewe na kutoa mvuke wa asidi. Mvuke huo unakula chuma. Kisu kimoja chenye kimeanza kuoza kinaweza kuharibu vingine vyote ndani ya sanduku iliyofungwa. Ukiona mpini unapasuka-pasuka ao unajikunja, na makali ya karibu yanashika kutu bila sababu, tenga kile kisu mara moja na ukiweke mahali penye hewa.

Namna wadanganyifu wanavyofanya

Kisu chenye hakijatumiwa kinalipwa zaidi sana kuliko chenye kimenolewa mpaka makali yakawa membamba. Ndiyo maana kuko watu wenye wanatia makali mapya ndani ya mpini wa zamani, ao wanapiga chapa ya kiwanda kikubwa ku kisu cha bei ya chini.

Wakusanyaji wanaangalia mambo machache. Makali na mpini vimezeeka pamoja? Makali yakingaa kama ya jana na mpini umechakaa, kuna shida. Vichwa vya misumari ku mpini vimeguswa na nyundo ya juzi? Herufi za chapa ziko sawa na zimesimama vizuri, ao zimeinama? Ukifungua na kufunga, resori inavuta na kulia vizuri? Ukikifunga, makali yanalala katikati bila kugusa chuma cha pembeni?

Jambo lingine linaumiza wengi: kusafisha. Mtu anapata kisu cha mzee wake, kimekuwa cheusi, anakisugua na karatasi ya msasa mpaka kinangaa. Anafikiri ameongeza bei. Kumbe ameiangusha, juu ule weusi ndio ulikuwa ushahidi kwamba chuma ni cha asili, na pengine amefuta nukta zenye zilionyesha mwaka. Kitambaa laini na tone la mafuta ya mashini vinatosha.

Jina linabaki, kiwanda kinakufa

Kwa nini watu wanalipa pesa kwa kitu kidogo kama hicho? Sehemu ya jibu iko katika miji yenye ilikuwa inaishi kwa visu.

Schrade ilianza 1904 huko Walden, jimbo la New York. Chapa ya kwanza ilikuwa "SCHRADE CUT. CO.". Mwaka wa 1946 ikanunuliwa, na chapa ikawa "SCHRADE-WALDEN" mpaka mwanzo wa miaka ya 1970. Kazi ikahamia Ellenville, katika jimbo lile lile. Mwaka wa 2004 kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakarudi nyumbani, mashini zikauzwa. Jina pia likauzwa, na visu vyenye jina Schrade vikaanza kutoka China. Camillus, yenye ilitengenezea jeshi la Marekani visu vingi, ikafunga 2007, na jina lake nalo likanunuliwa na kampuni nyingine.

Kwa hiyo mtu akisema "hiki ni Schrade", bado hajasema kitu. Unapaswa kusoma shingo yote. Jina ni lile lile, lakini mikono yenye ilitengeneza, chuma na mji vimebadilika. Kwa mtu wa Ellenville mwenye baba yake alifanya kazi mule, hiyo tofauti si ya bei tu.

Pembe ya ndovu: hapa sheria inaingia

Visu vidogo vya watajiri wakati mwingine vilikuwa na mpini wa pembe ya ndovu. Historia hii inagusa Kongo. Karne ya 19, pembe nyingi zilitoka misitu ya mashariki ya Kongo, wapagazi wakazibeba mpaka pwani, zikapita Zanzibar, na wafanyabiashara wa Marekani walikuwa kati ya wanunuzi wakubwa. Huko Connecticut, viwanda vya kutengeneza vibao vya piano viliishi kwa pembe hizo. Mpini mmoja wa kisu hauwezi kusema ulitoka msitu gani, lakini biashara ilipita njia ile.

Leo mambo ni mengine. Mapatano ya kimataifa ya CITES yalifunga biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya inchi kuanzia 1990, na Marekani iliongeza ukali ndani ya mipaka yake mwaka wa 2016. Vitu vya zamani vya zaidi ya miaka mia moja viko na ruhusa maalumu, lakini muuzaji anapaswa kuonyesha uhakikisho. Mtu asijaribu kubeba kisu cha namna hiyo kuvuka mpaka, wala kukituma ndani ya koli kwa ndugu. Kinaweza kukamatwa, na mwenye kukibeba pia.

Basi, mtu mwenye amepata kisu cha zamani afanye nini? Akifungue polepole juu resori za zamani zinaweza kukata kidole. Asome shingo ya kila makali, si moja tu. Ahesabu nukta, alinganishe nimero na mpini. Apige picha ya kila upande. Asisugue, asichome, asinoe. Na kama kisu kilikuwa cha mzee wa familia, aandike jina la mzee huyo na mahali alipoishi, aweke karatasi pamoja na kisu. Chapa inaonyesha kiwanda na mwaka, lakini haisemi ni nani alikibeba.