Opera ya Mtungi Uliovunjika

Mtu ambaye hajapata kuketi mbele ya opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake aghalabu huimbwa badala ya kusemwa, naye angependa kuionja bila ya kujitwisha usiku mzima wa masaibu ya wafalme, namshauri aanze na Hänsel und Gretel ya Mjerumani Engelbert Humperdinck, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi husimulia ngano iliyotolewa na ndugu Grimm mwaka 1812.

Asili yake ni jambo la nyumbani: Adelheid Wette, dada yake mtunzi, alimwomba kakaye amtilie muziki nyimbo chache za mchezo wa watoto wake, na mchezo ule ukakua hata ukawa opera kamili, iliyoonyeshwa kwanza Weimar tarehe 23 Desemba 1893, Richard Strauss akiongoza okestra.

Bibi huyo ndiye aliyeandika maneno, na kwa rai yangu hajasifiwa ipasavyo. Katika ngano ya Grimm watoto hupelekwa mwituni kwa kusudi, ili walaji wapungue. Yeye aliukataa ukatili huo. Kwake, mama aliye taabani kwa ufukara hurejea akakuta watoto wanacheza na kazi haikufanywa, na katika kutaka kuwachapa, kwa ghadhabu, auangusha mtungi wa maziwa yaliyokuwa chakula chao cha pekee usiku ule; hapo ndipo anapowafukuza wakachume stroberi. Baba, mtengenezaji wa mifagio, arudipo amechangamka kwa ulevi, kikapu kimejaa vyakula, watoto wamekwisha kwenda.

Humperdinck, aliyewahi kumsaidia kule Bayreuth mtunzi Wagner, bingwa wa opera za okestra kubwa, hakuona haya kutandaza okestra nzito chini ya nyimbo za kitoto. Kabla ya pazia kufunuliwa, baragumu zapiga taratibu dua ambayo watoto wataiomba baadaye msituni, kabla ya kulala. Wakisha kusinzia, malaika 14 huteremka kuwalinda, na kwa dakika kadhaa hakuna aimbaye hata neno. Wako waonao kuwa kipande hicho kimerefushwa mno. Mimi ningeusamehe mchezo uliobaki kwa ajili yake.

Mgeni asistaajabu kumwona Hänsel, yule mtoto wa kiume, akiimbwa na mwanamke, kwani ndiyo kaida, wala ajuza mchawi, ambaye watoto humkuta msituni katika nyumba ya mikate ya tangawizi, akiimbwa pengine na mwanamume, hadhira ikavunjika mbavu. Na aliye mbali na majumba ya opera ana rekodi. Hata mwaka 1923, kazi hii iliporushwa nzima redioni kutoka Covent Garden, London, wasikilizaji waliifuata kwa masikio tu.