Filtre ya mafuta: ile ya bei chee inaweza kuua moteri

Mavuno yakifika, kamioni ama Land Cruiser ya kooperative ndiyo inabeba kila kitu: mahindi, maharagi, kahawa, viazi. Moteri ikifia njiani, magunia yanalala kwenye mvua na munuzi hangoji. Kutengeneza moteri upya kunaweza kumaliza faida ya msimu mzima. Mara nyingi hasara hiyo inaanzia kwa kitu kinachotoshana na kopo la maziwa: filtre ya mafuta ya moteri.

Makomite wanatuuliza: sokoni kuko filtre za bei mbalimbali, kwa nje zote zinafanana. Tofauti iko wapi? Tofauti iko ndani. Kwa hiyo, mukimaliza vidanji, musitupe filtre ya zamani. Fundi aikate kwa musumeno wa chuma, muitazame pamoja.

Kazi yake

Pampu inavuta mafuta chini ya moteri, inayapitisha kwenye filtre, kiisha yanaenda kulainisha vyuma vinavyozunguka. Filtre inakamata masizi, vumbi na unga wa chuma. Uchafu unaokula moteri zaidi hauonekani kwa macho: ni wa mikroni chache mpaka 20 hivi, wakati unywele wa mutu uko karibu mikroni 70.

Mambo matano ya kulinganisha

1. Karatasi. Nzuri iko na mikunjo mingi, iliyopangwa sawasawa. Mikunjo ikiwa michache au imelala upande, filtre inajaa haraka.

2. Gundi ya huku na huku. Vifuniko vya karatasi vinaweza kuwa vya chuma ama vya kartoni. Kartoni peke yake si kosa. Kosa ni gundi isiyoenea: mafuta yanapita pembeni bila kuchujwa.

3. Jani la mpira. Linazuia mafuta yasirudi chini moteri ikizimwa, zaidi sana kama filtre imefungwa kwa ubavu. Mpira wa silikoni unavumilia moto. Mpira wa kawaida unakauka mapema. Kama kila asubuhi moteri inagonga kidogo na taa ya mafuta inachelewa kuzimika, angalieni jani hilo.

4. Klape ya usalama. Filtre ikiziba, ama mafuta yakiwa mazito kwa baridi, inafunguka ili moteri isikose mafuta. Resori yake ikiwa laini sana, inafunguka ovyo na mafuta machafu yanapita. Lakini magari mengine yako na klape hiyo kwenye moteri yenyewe. Ndiyo maana filtre inachaguliwa kwa namba ya moteri, hapana kwa macho.

5. Meno ya kufungia. Kuko filtre za inchi 3/4 na zingine za milimetre 20. Zinakaribiana sana. Ile isiyo yake inaweza kuingia kidogo, kiisha ikaachia njiani na mafuta yote yakamwangika.

Ya orijino ama hapana?

Filtre ya kampuni ingine inayojulikana, yenye namba inayofaa, inaweza kufanya kazi vizuri kwa bei ndogo kuliko ya orijino. Ya kuogopa ni ile ya kuiga: maandiko yanafutika kwa kidole, namba ya kartoni hailingani na ya kwenye kopo, meno yanakwaruza.

Hata filtre nzuri sana haisaidii ikichelewa. Wengi wanahesabu kilometre 5.000. Lakini kwa barabara zetu za matope, gari inaweza kushinda siku nzima kwa kilometre 60, moteri ikinguruma. Kilometre ni kidogo, kazi ni nyingi. Muandike pia masaa kwenye kaye ya gari, na musipitishe masaa 250.

Wakati wa kufunga

Muhakikishe mpira wa filtre ya zamani haukubakia kwenye moteri. Pakeni mpira mupya mafuta kidogo, mufunge kwa mukono mpaka uguse, kiisha muongeze karibu robo tatu ya muzunguko. Muwashe, mungoje taa izimike, mutazame kama hakuna kuvuja. Ile ya zamani ichuruzike usiku mzima ndani ya bidoni. Mafuta hayo yasimwangwe karibu na chemchemi wala kwenye pepinieri.

Nani ananunua?

Hapa ndipo kunatokea matata. Shofere akipewa franga peke yake, anaweza kuleta ile ya bei chee na kubakia na chenji. Na hata akiwa mwaminifu, atashutumiwa siku moteri ikiharibika. Inafaa mukutano mukuu ukubali aina na namba ya filtre, iandikwe, na mutunza-sanduku anunue mbili kwa mara moja. Kartoni na fakture zibaki ndani ya kaye, kila mwanamemba aweze kuziona.