Fahamu: Stenlesi nene ikatwe kwa njia gani?

Gesi ya oksijeni na asetilini hukata chuma cha kawaida kwa kukiunguza. Stenlesi hukataa: oksaidi ya kromiamu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, chuma chenyewe karibu 1,450, hivyo utando hubaki na kuzuia moto. Plazma huupenya upesi, ila ukingo hupikwa. Kati ya nyuzi 450 na 850 kromiamu hushikana na kaboni, kutu ikapata upenyo. Kwa kipande cha milimita 50 kitakachokaa baharini, nachagua kukata kwa maji, yasiyopika ukingo, yenye chenga za madini ya ganeti, kwa shinikizo la baa 4,000 hivi. Ni ghali na polepole, watasema. Kweli, lakini hesabu hiyo husahau saa za kusaga ukingo wa plazma. Aina zenye kaboni kidogo, kama 316L, hupunguza hatari. Kwa kitako cha mashine mahali pakavu, plazma yatosha.