Zaburi ya 90: Wimbo unaotufundisha kuhesabu siku



Kwenye matanga tunaimba usiku kucha, na nyimbo nyingi zinasema jambo moja: siku zinapita. Kwa nini tuimbe jambo ambalo kila mtu analijua? Juma hili tufungue Zaburi ya 90.

Kichwa chake kinasema ni sala ya Musa. Israeli walizunguka jangwani miaka 40, na wengi waliotoka Misri walizikwa njiani. Mwenye kuomba hivi ameona makaburi mengi.

Wakati hauonekani kwa macho, ndiyo maana wimbo unautafutia mfano. Mstari wa 5 unataja mafuriko yanayochukua watu. Mstari wa 6 unataja majani: asubuhi yanachipuka, jioni yamekauka. Mstari wa 10 unatoa hesabu: miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu.

Sisi wa Kisangani mfano wa maji tunaujua. Tunavuka kwenda Lubunga kwa mtumbwi, na maji tuliyovuka jana yameshateremka. Aliyezaliwa hapa kabla ya 1966 alizaliwa mji ukiitwa Stanleyville. Vita vya siku sita, Juni 2000, vilichukua watu walioamka asubuhi wakiwa na mipango yao. Watoto wa mwaka ule leo ni watu wazima.

Lakini Zaburi haiishii kwenye huzuni. Mstari wa 12 unaomba tufundishwe kuhesabu siku zetu, tupate hekima. Kuhesabu huko si kubahatisha siku ya kufa. Ni kujua kwamba siku ya leo haitarudi. Na mstari wa mwisho, wa 17, unaomba Mungu aimarishe kazi ya mikono yetu. Tazameni Wagenya kwenye maporomoko: maji hayasimami, lakini wao wanasimamisha miti yao na kutega mitego, kama baba zao walivyowafundisha. Maji yanapita, kazi inaendelea.

Basi tujiulize: ni ndugu gani hatusemi naye? Ni deni gani tunasema tutalipa kesho? Tusingoje kumwimbia mtu kwenye matanga yake maneno tuliyoshindwa kumwambia akiwa hai. Twende kwake leo.

Tuombe: Bwana, wewe uliyekuwako kabla ya milima, utufundishe kuitumia siku hii vema. Katika jina la Yesu. Amina.