Linux: Mega zikiisha, kitabu cha maelezo kimo ndani ya mashini

Mwanafunzi wa Linux akikwama kwenye amri moja, mara nyingi hukimbilia intaneti. Mega zikiisha, kazi inasimama. Hatari zaidi ni kubahatisha: amri rm hufuta faili bila kuipitisha kwenye kapu la taka, na kuirudisha ni taabu.

Lakini mashini nyingi za Linux hubeba maelezo yake humo humo. Andika man rm, na ukurasa unafunguka bila koneksio yoyote. Spesi inakupeleka mbele, b inakurudisha nyuma, alama ya / inatafuta neno, q inatoka. Hiyo q inawasumbua sana wageni. Wengine hufunga dirisha zima. Kama hujui jina la amri, jaribu man -k ukifuatisha neno la Kiingereza linalohusu kazi yako, kwa mfano man -k copy.

Kitabu hiki ni mzee. Toleo lake la kwanza, la mfumo wa Unix, lina tarehe 3 Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Mwenzao Joe Ossanna aliandika nroff, programu ya kupanga maandishi. Mwaka 1990 James Clark akatoa groff, ambayo Linux nyingi zinaitumia hadi leo.

Ndiyo sababu faili yenyewe haifanani na unachokisoma. Ukiifungua ikiwa ghafi utakuta mistari inayoanza na nukta: .TH ni ya kichwa cha ukurasa, .SH ya kichwa cha sehemu, .B ya herufi nzito. Programu man inatafuta faili hiyo, inaifungua kama imebanwa, na kuikabidhi groff ili ipange mistari kufuata upana wa skrini. Kisha less inakuonyesha ukurasa kidogo kidogo.

Mnyororo huo unaweza kuuelekeza kwingine. Amri hii:

MANWIDTH=40 man rm | col -b > rm.txt

hutoa maandishi matupu yenye mistari mifupi, ambayo wanafunzi wanaweza kutumiana kwa Bluetooth na kusoma kwenye simu. Kazi ya col -b ni kuondoa alama za herufi nzito zilizorithiwa kutoka mashini za kuchapa, ambako herufi ilipigwa, mkono ukarudi nyuma, ikapigwa tena. Anayetaka karatasi atumie man -t rm > rm.ps.

Inabaki lugha. Kurasa nyingi ni za Kiingereza, jambo linalowakatisha tamaa waliosoma kwa Kifaransa. Kwenye Debian kuna pakiti manpages-fr: ipakue siku ambayo mega zipo, kisha andika man -L fr rm. Ukurasa ambao haujatafsiriwa utafunguka kwa Kiingereza.