Nyuzi na Gundi: Tujue Tunachokishika



Fundi wa Buluk, mjini Juba, akikandika ukuta kwa udongo uliochanganywa na nyasi, nyasi huushika udongo usipasuke. Matangi na boti za faibaglasi hufuata njia hiyo hiyo: nyuzi za kioo ndani ya gundi ya poliesta, aina ya plastiki. Hata mkonge tunaoukata mashambani unaweza kushika nafasi ya kioo.

Lakini poliesta mbichi hutoa mvuke wa stirini. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu miongoni mwa vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Kitambaa cha puani hupunguza vumbi tu, mvuke hupita. Basi tudai madirisha, feni na barakoa zenye kichujio cha mvuke. Umoja ni nguvu!